Kusafisha si kumaliza

Ukiiomba PowerCenter, programu ya kuunganisha data ya kampuni ya Informatica, ikutengenezee mifupa ya kigeuzi chako mwenyewe, yaani kipande cha msimbo kinachobadilisha data njiani, itakupa mafaili ya lugha ya C yenye funksheni tupu za kujaza. Za juu hujazwa siku hiyo hiyo. Zipo moduleInit, procInit na partitionInit za kuandaa mazingira, kisha inputRowNotification, inayoitwa kila mstari wa data unapoingia. Humo ndimo ilimo kazi uliyotumwa. Chini kabisa hubaki tatu: partitionDeinit, procDeinit na moduleDeinit. Nimekagua misimbo ya watu kwa miaka, na katika mingi hizo tatu hazina kitu ila mstari mmoja wa kurudisha jibu la mafanikio.

Zile chache zilizojazwa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi.

Tuanze na zilizo tupu, maana kosa lake ni dogo kuliko linavyodhaniwa. PowerCenter huendesha kila kikao katika mchakato wake wenyewe, unaoitwa DTM. Kikao kikiisha, mchakato unakufa, na mfumo endeshi unachukua kila kilichokuwa mali yake: kumbukumbu, mafaili yaliyoachwa wazi, soketi. Pointa uliyoining'iniza kwenye kishikio cha sehemu kwa INFA_CTSetUserDefinedPtr ukasahau kuiachilia haitaishi hadi kesho. Uvujaji unaoangusha kikao cha aina hii hutokea kwingine, ndani ya funksheni ya mstari. Ukipoteza baiti 200 kwa kila mstari na data ikawa mistari milioni 50, umekwisha kupoteza gigabaiti 10 kabla kazi haijafika mwisho, na hakuna usafishaji wa mwishoni utakaokuokoa.

Hesabu inabadilika kabisa pale mchakato usipokufa. NiFi, programu ya kusafirisha data iliyozaliwa ndani ya shirika la ujasusi la Marekani la NSA na kukabidhiwa Apache mwaka 2014, huweka vichakataji vyote ndani ya JVM (mashine pepe ya Java) moja inayoweza kukaa miezi bila kuzimwa. Mwendeshaji husimamisha kichakataji kimoja, hubadilisha kigezo, hukiwasha tena, huku mashine yenyewe haijui kwamba kuna kilichoisha. Kafka Connect iko hivyo hivyo: mfanyakazi mmoja hubeba kazi nyingi, na kazi ikianzishwa upya, vigeuzi vyake huundwa vipya ndani ya JVM ile ile ya zamani. Chochote ambacho kigeuzi cha kwanza hakikukifunga kinabaki pale, hakina mwenyewe.

Chukua PostgreSQL yenye mipangilio ya kiwandani. Inaruhusu miunganisho 100, na 3 kati yake imetengewa msimamizi mkuu. Kigeuzi kinachofungua bwawa la miunganisho 8 bila kulifunga kitakuwa kimekalia 96 baada ya kuwashwa mara 12. Mara ya 13 hakuna nafasi. Na anayeumia kwanza huenda asiwe huyo aliyevujisha: ni programu nyingine kabisa inayotumia hifadhidata hiyo hiyo, pengine ukurasa wa wateja, na msimamizi wake ataanza kutafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayeandika usafishaji ni hili: baada ya kigeuzi chako kuondoka, nani anabaki hai? Kama mchakato unakufa nacho, kumbukumbu si hoja. Kama unaendelea kuishi, kila baiti na kila thredi ni hoja. Na katika hali zote mbili, kilicho nje ya mashine kinabaki: jedwali la muda kwenye hifadhidata, faili kwenye diski, kufuli lililowekwa kwenye mfumo wa mtu mwingine.

Sasa zile zilizojazwa. Mara nyingi ndani yake hukuti usafishaji. Unakuta kazi. Mtu alikuwa anakusanya mistari kwenye bafa ili aiandike kwa mafungu ya 500, akagundua kwamba fungu la mwisho halijai, akatafuta mahali pa kulimwaga, na funksheni inayoitwa mwishoni ikaonekana ndiyo mahali penyewe. Hapo amechanganya shughuli mbili zinazofuatana kwa ukaribu hadi zinaonekana moja. Mama lishe hapakui sahani ya mwisho wakati sufuria iko kwenye maji ya sabuni. Kumaliza ni sehemu ya kazi: kunatoa data, kunaweza kushindwa, na kukishindwa kazi nzima imeshindwa. Kusafisha huja baada ya hukumu kutolewa, hakutoi data, na hufanyika hata kama kazi iliharibika. Ukiiweka ya kwanza ndani ya ya pili, data itatolewa wakati ambao haikupaswa kutolewa.

Hadoop, mfumo wa kuchakata data kwenye mashine nyingi, ilituonyesha hili mapema. Kiolesura kipya kilichokuja na toleo la 0.20 mwaka 2009 kilimpa mwandishi wa Mapper hatua tatu: setup mara moja, map kwa kila rekodi, cleanup mara moja mwishoni. Mwaka uliofuata, kitabu cha Jimmy Lin na Chris Dyer kuhusu kuchakata maandishi kwa MapReduce kilieleza mbinu ambayo wengi tuliipokea kwa mikono miwili: badala ya kutoa jozi moja kwa kila neno, Mapper iweke hesabu kwenye kumbukumbu, kisha iitoe yote kwa pamoja mwishoni. Kwa Hadoop, mwishoni ni ndani ya cleanup. Mzigo wa kupeleka data mtandaoni ulipungua sana, na mbinu ikaenea.

Katika matoleo yale ya mwanzo, map ikitupa hitilafu, cleanup haikuitwa kabisa. Waliokuwa wanaitumia kufunga miunganisho walilalamika, na walikuwa na haki. Matoleo ya 2 yaliuweka mzunguko wa rekodi ndani ya try na cleanup ndani ya finally. Kwa anayefunga miunganisho hiyo ni nafuu. Kwa anayetoa jumla, maana imegeuka chini juu, kwa sababu sasa jumla ya nusu ya data inatolewa hata pale kazi iliposhindwa. Hadoop yenyewe haidhuriki: matokeo ya jaribio lililoshindwa hukaa kwenye saraka ya muda na hutupwa. Lakini aliyeamua kuandika jumla zake moja kwa moja kwenye hifadhidata ya nje hana kinga hiyo.

Tuseme kigeuzi kinajumlisha miamala ya pesa kwa simu, na rekodi ya 600,001 ni mbovu. Hadoop hujaribu kazi ya map hadi mara 4 kama hukuiambia vingine. Kila jaribio litasoma rekodi 600,000 nzuri, litaanguka kwenye ile mbovu, na finally itaziongeza jumla zake kwenye jedwali la nje. Asubuhi logi inasema kazi imeshindwa, jambo ambalo ni kweli. Jedwali linasema fedha za rekodi zile zile mara nne. Anayesoma logi peke yake ataondoa rekodi mbovu, ataendesha upya, na kuongeza mara ya tano.

Watu wa Flink, mfumo wa kuchakata data inayotiririka, walikaa na mkanganyiko huu kwa miaka kabla ya kuukata. Kwa waandishi wa ndani wa mfumo, close iliitwa pale tu kazi ilipofika mwisho salama, na dispose iliitwa daima. Lakini mtumiaji wa kawaida, anayeandika funksheni yake mwenyewe, alipewa close peke yake, na hiyo iliitwa katika hali zote mbili. Aliyekuwa na bafa alikuwa na njia mbili, zote mbaya. Akiimwaga ndani ya close, basi kazi ikianguka ataandika mistari ambayo itasomwa tena kutoka kwenye alama ya mwisho iliyohifadhiwa, na atakuwa na nakala mbili. Asipoimwaga, basi kazi ikiisha salama atapoteza mistari ya mwisho. Pendekezo linaloitwa FLIP-147, lililoingia kwenye toleo la 1.14 mwaka 2021, lilitenganisha mambo: finish ikawa ya kumalizia data, close ikabaki ya kuachilia rasilimali tu, na dispose ikaondolewa. Nayaona mabadiliko hayo kuwa miongoni mwa yenye busara zaidi katika historia ya programu hiyo, ingawa si aina ya habari inayotangazwa kwa mbwembwe.

Beam, kiolesura kingine cha kuchakata data, iliepuka mtego huu kwa kusema wazi. Data huenda kwa mafungu. Kila fungu likiisha huitwa FinishBundle, na hapo ndipo bafa inapomwagwa. Teardown nayo, kwa maneno ya nyaraka zenyewe, huitwa kwa kadiri inavyowezekana, na inaweza isiitwe kabisa. Fungu likishindwa, linarudiwa lote. Kwenye PowerCenter mgawanyo huo huo upo, ila umefichwa na majina: eofNotification ni mahali pa kutoa mistari iliyobaki kwenye kundi, dataBdryRowNotification hukujulisha muamala unapothibitishwa au kufutwa, na zile Deinit huja baadaye. Vigeuzi vya Kafka Connect vimekwenda mbali zaidi. Funksheni yake hupokea rekodi moja na kurudisha moja au kutorudisha kitu, kwa hiyo ndani ya close hakuna hata mlango wa kupitishia rekodi kwenda mbele. Nakipenda kiolesura kinacholifanya kosa lisiwezekane kuliko waraka unaolikataza.

Kuna kishawishi kingine. procDeinit na moduleDeinit za PowerCenter hupokea hali ya kikao: kimefaulu au kimeshindwa. Wahandisi waangalifu hupenda kuitumia hivi: kikao kikifaulu, futa jedwali la muda, kikishindwa, liache ili tuchunguze. Wazo si baya. Tatizo ni kwamba linadhani hali ziko mbili tu.

Hali ya tatu ni kimya. Linux ikiishiwa kumbukumbu huchagua mchakato na kuuua kwa ishara ya SIGKILL, ambayo hakuna programu inayoweza kuikamata wala kuichelewesha. Kubernetes ikitaka kuondoa kontena hutuma SIGTERM kwanza, husubiri sekunde 30 kama hukupanga vingine, kisha huua. Usafishaji wako unaosubiri jibu la seva ya mbali kwa dakika moja utakatwa katikati, na nusu ya usafishaji wakati mwingine ni mbaya kuliko kutosafisha. Na umeme ukikatika, sina haja ya kumweleza msomaji wa huku.

Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox, wakiwa Stanford, waliandika makala kuhusu programu ambazo njia yake pekee ya kuzima ni kuanguka na njia yake pekee ya kuwaka ni kujiponya. Hoja yao ni kali, na sidhani kila mfumo unaweza kuifuata hadi mwisho. Ila ina ukweli mmoja ambao wanaounganisha data wanapaswa kuumeza mzima: msimbo wa kujiponya ni lazima uwepo vyovyote vile, kwa sababu mashine zitaanguka. Ukishakuwepo na ukafanya kazi, usafishaji wa mwishoni unabaki kuwa ukarimu wa kurudisha rasilimali mapema. Usahihi wa data hauutegemei tena.

Katika vitendo maana yake ni kuhamishia usafishaji mwanzoni. Kigeuzi kikiwaka, kabla ya kugusa data, kitafute mabaki ya wenzake waliokufa na kiyaondoe. Kila jedwali la muda liwe na namba ya mwendo uliolizaa. Ugumu uko pale miendo miwili inapokwenda pamoja: utajuaje kwamba jedwali hili ni la maiti na si la ndugu yako anayeendelea kufanya kazi chumba cha pili? Kupima umri kwa saa ni kubahatisha. Siku data itakapokuwa nyingi, mwendo halali utachukua muda mrefu kuliko kikomo ulichoweka, na utamfutia aliye hai.

Kwenye PostgreSQL kuna njia nisiyochoka kuipendekeza. Kila mwendo ushike kufuli la hiari lenye namba yake, kwa pg_advisory_lock, kwenye muunganisho utakaobaki wazi muda wote. Msafishaji ajaribu kulishika kufuli hilo hilo kwa pg_try_advisory_lock. Akilipata, mwenyewe amekufa, na mabaki yake yafutwe. Akilikosa, aache. Kufuli la aina hiyo huachiliwa na hifadhidata yenyewe muunganisho unapokatika, bila kumtegemea marehemu kufanya chochote. (Wanaopita kwenye kigawa-miunganisho cha PgBouncer kilichowekwa hali ya muamala wasijaribu hili: muunganisho wa nyuma hubadilishwa mikononi, na kufuli litabaki kwa mtu usiyemjua.)

Hapo kuna shimo moja. Mchakato ukifa, mfumo endeshi wake hufunga soketi na hifadhidata hujua mara moja. Lakini ikiwa ni mtandao uliokatika, au mashine nzima imezimika, hakuna anayetuma salamu ya kwaheri. Hifadhidata inayosubiri upande wa pili itaendelea kuamini kwamba mteja yupo. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, TCP husubiri sekunde 7,200 za ukimya kabla ya kuanza kuuliza kama kuna mtu, kisha huuliza mara 9 kila baada ya sekunde 75. Jumla ni saa 2 na dakika 11, na muda wote huo kufuli limeshikwa, pamoja na makufuli ya mistari ya muamala uliokuwa wazi. Kazi ya usiku iliyopaswa kurudiwa saa nane itagonga mwamba hadi alfajiri. Dawa ni kushusha tcp_keepalives_idle upande wa hifadhidata hadi dakika moja hivi, na kuweka idle_in_transaction_session_timeout, iliyopo tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016. Ni mistari miwili ya mipangilio, na haiandikwi ndani ya kigeuzi hata kidogo. Ndiyo maana mwandishi wa kigeuzi huwa hakumbuki kuiomba.

Mafaili ya muda yana dawa nyepesi zaidi. Kwenye Linux na jamaa zake, ukifungua faili kisha ukalifuta jina lake papo hapo, data hubaki mpaka kishikio cha mwisho kifungwe. Mchakato ukifa kwa namna yoyote, nafasi ya diski inarudi. Kwenye Windows mbinu hiyo haifai kwa namna hii.

Baada ya kuuvua usafishaji wa mwishoni majukumu yote yasiyo yake, kinachobaki ni kidogo, na kidogo hicho kiandikwe kwa nidhamu. Funga kwa mpangilio wa kinyume na ulivyofungua. PowerCenter yenyewe hufanya hivyo, ikianza na sehemu, kisha utaratibu, kisha moduli. Kila kitu kikaguliwe kama kweli kilifunguliwa, maana Flink, kwa mfano, huita close hata kama open iliishia njiani. Msimbo unaofunga muunganisho ambao haujawahi kuwepo utatupa hitilafu ya pointa tupu, na hitilafu hiyo ndiyo itakayotokea kwenye logi badala ya ile iliyosababisha yote. Nimeona watu wakikesha na hitilafu ya pointa tupu kumbe kilichotokea ni nywila kuisha muda wake. Java ililishughulikia hili mwaka 2011 kwa try yenye rasilimali: hitilafu ya kufunga huambatanishwa nyuma ya ile ya kwanza, haiifuniki. Anayeandika kwa C hana msaada huo na lazima ajipange mwenyewe.

Suala la thredi lina mtego wake. NiFi hutofautisha OnUnscheduled na OnStopped. Ya kwanza huitwa mara tu kichakataji kinapoondolewa kwenye ratiba, wakati thredi zake huenda bado ziko kazini. Ya pili huitwa zikiwa zimerudi zote. Aliyefunga bwawa la miunganisho katika ya kwanza atakuwa amemnyang'anya mwenzake kalamu katikati ya sentensi, na kosa litaonekana mara moja moja tu, pale mwendeshaji atakapobonyeza kusimamisha wakati kuna mzigo. Kwenye mashine ya majaribio isiyo na mzigo halitaonekana kamwe.

Ndiyo maana jaribio ninalotaka kuliona kabla ya kigeuzi kukubaliwa si lile la kukiendesha hadi mwisho na kuhesabu mistari. Kiendeshwe na data ya kutosha, kiuliwe kwa kill -9 kikiwa katikati, kiendeshwe tena, kisha matokeo yalinganishwe na ya mwendo ambao haukuguswa. Yalingane mstari kwa mstari. Baadaye tazama pg_stat_activity kama kuna muunganisho usio na mwenyewe, pg_locks kama kuna kufuli lililobaki, na saraka ya muda kama ina faili la jana. Rudia kwa kuua wakati wa kuanza, kabla init haijakamilika, na rudia tena kwa kukata mtandao badala ya kuua mchakato, kwa kuwa hizo ni njia tatu tofauti za kufa na kila moja huacha mabaki yake. Kigeuzi ulichonunua bila msimbo wake kipitie jaribio hilo hilo. Kikishindwa na muuzaji hana haraka, kipe mchakato wake peke yake unaozimwa kila mwendo unapoisha, na gharama ya sekunde chache za kuwasha uiandike kwenye bajeti ya mkataba wake.